Nguzo au mhimili? Kusimulia maisha ya Tendai Mtawarira kwa Kiswahili

Mwaka jana, katika semina ya tafsiri, kila mmoja wetu alipewa kazi ya kuandika kwa Kiswahili ukurasa mmoja juu ya maisha ya mwanamichezo ambaye si mchezaji wa soka. Sababu ilieleweka. Katika soka, Kiswahili kimekwisha kujitosheleza: tuna kipa, beki, kiungo, mshambuliaji, na hata mtoto wa Lubumbashi asiyejua kusoma anaweza kusimulia mechi ya Mazembe kuanzia dakika ya kwanza hadi ya mwisho. Mwalimu alitaka kuona tutafanya nini pale ambapo msamiati haujawa tayari.

Mimi nilimchagua Tendai Mtawarira, mchezaji wa raga aliyezaliwa Zimbabwe, akachezea Afrika Kusini na kumalizia Marekani. Sentensi yangu ya kwanza ilisema kwamba alikuwa «nguzo wa kushoto» wa timu ya taifa. Niliisoma mbele ya darasa. Mwalimu akauliza: «Nguzo hiyo inasukuma?» Wenzangu wakacheka, nami nikarudi kukaa bila jibu. Makala haya ni jibu langu, ingawa limechelewa. Nataka kuonyesha kwamba kosa langu halikuwa la kamusi tu. Nilitafsiri neno la Kifaransa bila kwanza kuuliza mtu huyu anafanya kazi gani uwanjani.

1. Kazi yenyewe

Raga (ndivyo wanavyosema Kenya, nami nafuata) ya wachezaji kumi na watano ina tendo moja ambalo soka haina. Baada ya makosa madogo, kama kuuangusha mpira mbele, wachezaji wanane wa kila timu hufungamana kwa mikono katika mistari mitatu, huinamisha vichwa na kusukumana ili kuugombania mpira unaoingizwa katikati. Wafaransa huita tendo hilo «mêlée», yaani mchanganyiko. Mimi naliita msukumano, kutoka -sukumana, kama vile mkutano unavyotoka kwenye -kutana.

Mstari wa mbele una watu watatu. Katikati yupo mwenye jezi namba 2, anayeuvuta mpira kwa mguu. Kushoto na kulia kwake wapo namba 1 na namba 3, na hawa wawili ndio mada yetu. Namba 1 ana upande mmoja wa kichwa ulio huru, maana hakuna mpinzani upande wake wa nje. Namba 3 kichwa chake kimebanwa kati ya wapinzani wawili. Mwamuzi hutoa amri tatu: wainame, washikane, waingie. Kutoka hapo uzito wa wachezaji watano walio nyuma hupita katika migongo, mabega na shingo za watu hao watatu.

Kazi hiyo ni ya hatari. Ndiyo maana sheria inadai kwamba wanaocheza mstari wa mbele wawe wamefunzwa. Timu ikiishiwa watu waliofunzwa nafasi hizo, msukumano huendelea bila kusukumana: timu hufungamana tu na mpira hutolewa. Kwa maneno mengine, winga anaweza kuzibiwa nafasi kwa muda na mtu mwingine, lakini mtu wa mstari wa mbele hazibiwi na yeyote tu.

2. Safari ya Mtawarira

Tendai Mtawarira alizaliwa Harare tarehe 1 Agosti 1985. Alisoma nchini mwake, ikiwemo shule ya Peterhouse huko Marondera, kisha akiwa kijana alihamia Durban kujiunga na Sharks. Hakwenda huko kama namba 1. Alikuwa mchezaji wa mstari wa nyuma wa msukumano, mahali pa watu wanaokimbia na mpira na kuangusha wapinzani. Kocha Dick Muir ndiye aliyemwambia kwamba nafasi yake ni mbele. Kwa kijana aliyezoea kukimbia, hilo ni kama kuanza upya shule: mgongo, shingo, mahali pa kuweka mguu, vyote hujifunzwa tena.

Mwezi Juni 2008 alicheza mechi yake ya kwanza ya kimataifa, dhidi ya Wales. Mwaka uliofuata, tarehe 20 Juni 2009, jina lake lilijulikana duniani kote. Afrika Kusini ilicheza Durban dhidi ya Lions, timu inayounganisha wachezaji wa Uingereza, Scotland, Wales na Ireland. Mbele yake alikuwepo Phil Vickery, mtu aliyekwisha kushinda Kombe la Dunia la 2003. Msukumano baada ya msukumano, Mtawarira alimpinda na kumwinua, mwamuzi akatoa adhabu baada ya adhabu, na mapema katika kipindi cha pili Vickery akatolewa. Afrika Kusini ilishinda 26 kwa 21. Mtu asiyejua mchezo huu angetazama mechi ile na kumkumbuka aliyefunga; waliojua walikuwa wanatazama mabega.

Lakini mwaka 2010 swali lilitoka nje ya uwanja. Sheria za kimataifa za wakati ule zilimruhusu mchezaji kuichezea nchi aliyoishi miaka mitatu mfululizo, hata kama hana pasipoti yake. Wanasiasa wa Afrika Kusini wakauliza kwa nini Mzimbabwe avae jezi ya taifa. Mtu aliyekuwa amebeba uzito wa timu nzima pale Durban alitakiwa kuonyesha karatasi. Mwaka huohuo alipata uraia, akaendelea kucheza.

Aliendelea kwa muda mrefu. Mwaka 2015 alikuwemo katika timu iliyochukua nafasi ya tatu ya Kombe la Dunia, na mwezi Juni 2018 alifikisha mechi 100 za kimataifa. Tarehe 2 Novemba 2019, mjini Yokohama, Afrika Kusini ilikutana na Uingereza katika fainali. Dakika ya tatu tu, namba 3 wa Uingereza, Kyle Sinckler, aliumia kichwa na kutoka. Dan Cole akaingia mapema kuliko alivyotazamia, na mbele yake akamkuta Mtawarira. Msukumano wa Uingereza ulirudi nyuma mara kwa mara, na adhabu zilizotokana nao zilimpa Handré Pollard nafasi za kupiga mpira kwenye milingoti. Pollard alifunga pointi 22, na mechi iliisha 32 kwa 12. Siku chache baadaye Mtawarira aliacha raga ya kimataifa akiwa na mechi 117. Mwaka 2020 alikwenda Washington kuichezea Old Glory DC, lakini msimu ulikatishwa na Covid, naye akaiacha raga.

3. Nguzo haitembei

Sasa turudi kwenye neno. Kifaransa humwita namba 1 «pilier gauche». Kihispania husema «pilar», Kiitaliano «pilone». Lugha hizi zote zinaona kitu kilichojengwa na kusimama wima. Sisi Wakongo tunaosoma kwa Kifaransa tunaona njia moja tu: «pilier» ni nguzo, basi. Lakini Kiingereza husema «prop», na Kiafrikana, lugha ya viwanja vingi vya Afrika Kusini, husema «stut». Maneno hayo mawili yana picha nyingine: mti au chuma kinachowekwa chini ya mzigo, au kuegemezwa ubavuni mwa kitu, ili kisianguke. Kiswahili cha pwani kina neno la zamani kwa jambo hilo: gadi, mti unaoegemezwa kwenye chombo kilichopandishwa ufukweni ili kisilale upande. Hapa kwetu neno hilo halijulikani, na mtu akisikia wingi wake atafikiri magadi ya kupikia maharage.

Tofauti ya picha hizi mbili nilielezwa na babu yangu, aliyefanya kazi chini ya ardhi Kipushi. Nilimuuliza kama nguzo na mti wa kushikilia mwamba ni kitu kimoja. Alijibu: «Nguzo inabakiaka pale pale. Ile muti ya kushikilia, shiye tulikuwa tunaibebaka kila siku.» Wanaisimu wataona hapo kiambishi -ak- cha mazoea, ambacho Kiswahili cha Lubumbashi kinakitumia kila saa na Kiswahili sanifu hakina. Lakini nataka tusikilize pia maana. Katika mgodi, nguzo ni sehemu ya mwamba iliyoachwa bila kuchimbwa. Ilikuwepo kabla ya mchimbaji na itabaki baada yake. Mti wa kushikilia unabebwa mpaka mahali penye uzito, unapigiwa nyundo mpaka ukaze, na kazi ikihamia mbele, nao unahamia mbele.

Mtawarira ni wa aina ya pili. Anakwenda mahali penye uzito, Harare, Durban, Washington; anasukuma, tena anarudi nyuma na kwenda mbele. Swali la mwalimu lilikuwa sahihi: nguzo haisukumi.

4. Pendekezo na kipimo chake

Napendekeza mhimili. Neno hili linatoka kwenye -himili, yaani kustahimili mzigo au taabu, kitenzi chenye asili ya Kiarabu. Katika matumizi ya kawaida ni jina la kitu, na wingi wake ni mihimili, kama tunaposema mihimili ya dola. Lakini Kiswahili kina pia kanuni ya kuunda jina la mtendaji kutokana na vitenzi vya aina hii bila kubadili mwisho wake: -hariri hutoa mhariri, -safiri hutoa msafiri. Kwa kanuni hiyohiyo -himili inaweza kutoa mhimili wa ngeli ya watu, na wingi wake ni wahimili. Umoja unafanana na wa kitu. Upatanisho ndio unaotofautisha:

Mhimili umevunjika. (Ni mti au chuma.)
Mhimili ameumia. (Ni mtu wa namba 1 au namba 3.)
Wahimili wamesukuma hadi mstari. (Ni wachezaji wawili.)

Mtu anaweza kupinga kwamba nguzo nayo ingeweza kuchukua upatanisho wa watu. Ni kweli, na soka imetupa mfano: kiungo ni neno la ngeli ya ki-vi, lakini tunasema «kiungo amecheza vizuri», wala hatusemi «kimecheza». Kwa hiyo sarufi haiikatai nguzo. Kinachoikataa ni maana. Kiungo ni mahali ambapo sehemu mbili za mwili hukutana, na mchezaji wa katikati huunganisha kweli ulinzi na ushambuliaji. Neno lilichaguliwa kwa kuitazama kazi. Tufanye vivyo hivyo.

Kwa tofauti ya namba 1 na namba 3, mhimili wa kushoto na mhimili wa kulia inatosha. Hapo Kifaransa kimetusaidia.

5. Majina yanayodanganya

Ukurasa wangu ulikuwa na mtego mwingine. Katika Kishona, -tenda ni kushukuru, na Tendai ni amri kwa watu wengi: shukuruni. Msomaji wa Kiswahili anasikia kutenda, yaani kufanya, na mwisho wa neno haumsaidii, kwa kuwa sisi tungesema tendeni. Lugha zetu ni ndugu, na ndugu wanaofanana sura ndio wanaochanganywa majina.

Mtawarira nalo lina somo. Kiambishi ambacho Kishona sanifu huandika mu-, Kiswahili sanifu huandika m-, lakini mdomo wa Lubumbashi bado unasema mu-: muntu, mutoto. Zaidi ya hayo, Kishona sanifu hutumia r mahali ambapo Kibemba na Kiluba hutumia l. Bibi yangu, Mbemba, alilisoma jina hilo kwa sauti bila kusita: Mutawalila. Sikumsahihisha.

Kuhusu jina lake la utani, «Beast», ambalo watazamaji walilirefusha kwa pamoja kila alipogusa mpira, niliandika kwanza «Mnyama», nikaogopa kwamba ni tusi. Kumbe mashabiki wa Simba wa Dar es Salaam huiita timu yao Mnyama kwa sifa. Hapa kwetu, kumwita mtu mnyama ni kumnyima utu. Nimeacha jina kama lilivyo, kwa sababu ni mwito wa uwanjani, na mwito hutafsiriwa na wanaoupiga.

Hitimisho

Ukurasa wangu sasa unaanza hivi: «Tendai Mtawarira alikuwa mhimili wa kushoto. Kwa miaka kumi na moja alibeba msukumano wa Afrika Kusini, nchi ambayo hakuzaliwa humo na ambayo siku moja ilimuuliza kama ni wake.» Nilimsomea babu. Neno mhimili hakulijua, lakini nilipolieleza alilikubali, kisha akauliza kama shingo ya mtu huyo bado ni nzima.

Naomba wasomaji, hasa wenzangu wa idara ya Kifaransa, wanipinge kwa mifano. Na wenye babu au baba waliofanya kazi mgodini wawaulize majina ya vifaa vyao kabla hatujakwenda kuyatafuta katika kamusi za wengine.