Somo la Usalama: Kuunga Waya za Chaja ya Betri ya Roboti

Gari la zimamoto haliwezi kupita katika kila kichochoro cha Kibokoni, na nyumba nyingi za Mji wa Kale zina boriti na ngazi za mbao. Ndiyo maana vijana wanaounda roboti nyumbani au katika klabu wanashauriwa kuwa waangalifu na waya za chaja.

Betri haina swichi. Waya wake mwekundu (chanya) ukigusana na mweusi (hasi), shoti hutokea: waya hupata moto na betri ya lithiamu inaweza kuwaka. Fyuzi ya plagi ya ukutani haizuii hatari hii, kwa sababu umeme unatoka kwenye betri yenyewe.

Fuata hatua hizi:

1. Upande wa betri weka plagi ya kike, ambayo shaba yake imefichwa ndani ya plastiki. Yenye pini iwe upande wa chaja.

2. Unapobadilisha plagi ya betri, usikate waya zote mbili pamoja; mkasi wenyewe utaleta shoti. Kata mmoja, ulehemu, uufunike kwa mpira, kisha uende kwa wa pili.

3. Kabla ya kuchomeka, pima kwa mita. Weka waya mwekundu wa mita kwenye chanya na mweusi kwenye hasi. Alama ya kutoa ikitokea, umeziunga kinyume.

4. Chomeka waya kwenye chaja kwanza, betri baadaye. Ukimaliza, toa betri kwanza. Ukianza na betri, ncha za upande wa pili zitakuwa wazi na zina umeme.

5. Chagua idadi sahihi ya seli. Betri ya kawaida ya lithiamu ya seli 3 ina volti 11.1, ikijaa hufika 12.6, yaani 4.2 kwa kila seli. Yenye uwezo wa mAh 2,200 ichajiwe kwa ampea 2.2 au chini. Chomeka pia plagi ndogo ya kusawazisha seli.

Chaji juu ya sakafu ya saruji, mbali na mikeka na mapazia, na mtu mzima awepo. Usichaji usiku mkiwa mmelala. Betri iliyovimba isichajiwe tena.

Moto ukizuka, toeni watu nje kwanza, kisha mpige simu 999 au 112. Elezeni mahali gari linapoweza kufika, na mtu mmoja asimame hapo kuwaelekeza wazima moto.