SOMO LA AFYA: Madoa Mekundu Miguuni, Asili Yake na Wakati wa Kumwona Mganga

Hutokea mtu akaamka asubuhi, akaosha miguu, akaona madoa mekundu ambayo jana hayakuwapo. Hakumbuki kuumwa na mdudu, hakujikwaa, wala hakula kitu kigeni. Mmoja huyapuuza. Mwingine huenda dukani kununua dawa ya kupaka aliyoelekezwa na jirani. Wa tatu husema amekanyagishwa kitu, akaanza kutafuta aliyemtegea. Wote watatu wanaweza kupoteza siku ambazo zilikuwa na thamani.

Ukweli ni kwamba madoa mengi ya miguuni hayana hatari na hupona kwa matunzo madogo. Machache, hata hivyo, ni dalili ya damu inayovuja chini ya ngozi, na hayo hayangoji. Somo hili linalenga kumsaidia mkazi wa Kibaha na Kisarawe kuyatofautisha, ili ajue lini atulie nyumbani na lini aondoke mara moja kwenda kituo cha huduma.

Jaribio la glasi

Chukua glasi ya kioo safi, inayopitisha mwanga. Ikandamize juu ya doa kwa ubavu wake, kisha tazama kupitia kioo. Doa likififia, maana yake damu ingali ndani ya mishipa yake na ngozi imevimba au imewashwa tu. Doa likibaki vilevile, damu imetoka nje ya mishipa na kukaa chini ya ngozi. Asiye na glasi na aivute ngozi kwa vidole viwili, kila kimoja upande wake, aone kama rangi inatoweka.

Katika ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi. Doa laweza kuwa la zambarau, la kahawia au jeusi kuliko ngozi iliyolizunguka. Kwa hiyo tazama pia nyayo, viganja, ndani ya kope la chini na ndani ya mdomo, mahali ambapo rangi hujionyesha wazi.

Tahadhari moja: mgonjwa mwenye homa kali apelekwe kituoni hata kama madoa yake yanafifia, kwa sababu baadhi ya magonjwa hatari huanza na madoa yanayofifia kabla ya kubadilika.

Madoa yanayofifia na kuwasha

Sababu ya kwanza ni wadudu. Mbu na viroboto hupenda miguu, hasa vifundo na mashavu ya miguu. Kunguni huacha vipele vilivyojipanga mstari, navyo huonekana asubuhi. Majimoto wa kwenye miembe na mikorosho hushambulia mtu apitaye au apandaye mti. Katika udongo wa mchanga, funza huingia kwenye vidole na kuacha uvimbe wenye kitone cheusi katikati. Ukiona mchirizi mwekundu unaojipinda na kusogea kidogo kila siku, huo ni mdudu wa minyoo ya mbwa au paka anayetambaa ndani ya ngozi. Mguu huo wahitaji dawa ya hospitali, si wembe.

Sababu ya pili ni upele. Huu huwasha zaidi usiku, huanza mara nyingi katikati ya vidole, kiunoni na sehemu za siri, kisha huenea hadi miguuni. Kosa linalofanyika majumbani ni kumtibu mtoto mmoja na kuwaacha wengine. Upele hurudi kwa sababu hiyo. Wote wanaolala nyumba moja wapake dawa siku moja, kuanzia shingoni hadi kwenye vidole vya miguu, hata wasiojikuna. Nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani siku hiyohiyo.

Sababu ya tatu ni kazi na mimea. Upupu huacha vinyweleo vidogo vinavyowasha vikali. Mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi na kuleta malengelenge, jambo linalojulikana kwa wote wabanguao korosho kwa mkono. Dawa ya kunyunyizia mikorosho, sabuni kali na viatu vya mpira vinavyovaliwa bila soksi navyo huamsha vipele. Osha kwa sabuni na maji mengi mara tu unapoguswa, kisha vaa suruali ndefu na buti siku inayofuata.

Zaidi ya hayo kuna vipele vya joto, choa chenye duara na ukingo ulioinuka, na vipele vya usaha kwenye mashina ya vinyweleo kwa wanyoao miguu. Vipele vya kuwasha vinavyojirudia mikononi na miguuni kwa miezi bila kupona ni sababu njema ya kupima pia virusi vya UKIMWI, kwa maana mara nyingine ndiyo dalili ya mwanzo, na matibabu hutolewa bila malipo.

Lipo pia baka lisilowasha wala kuuma. Likiguswa kwa pamba, mwenyewe hahisi. Hilo lichunguzwe kwa ajili ya ukoma. Dawa zake ni za bure, na atibiwaye mapema hapati ulemavu.

Madoa yasiyofifia

Hapa ndipo penye uzito wa somo hili. Madoa madogo kama ncha ya sindano, yaliyosambaa miguuni na yasiyofifia chini ya glasi, ni damu. Sababu zake ni kadhaa.

Homa ya dengue, ambayo wengi huiita kidingapopo, imekwisha kuzuka katika Dar es Salaam, jirani yetu, ukiwamo mwaka 2014 na mwaka 2019. Watu wetu huenda huko kila siku kwa kazi na biashara. Ugonjwa huu hupunguza chembe za damu zinazosaidia damu kuganda. Mgonjwa huwa na homa ya ghafla, maumivu ya kichwa, ya nyuma ya macho na ya viungo. Hatari kubwa huja homa inapoanza kushuka, wakati ambapo jamaa hudhani amepona. Akianza kutapika mfululizo, kuumwa tumbo sana, kutoka damu puani au kwenye fizi, au kulegea, apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Homa ya uti wa mgongo nayo yaweza kuleta madoa ya damu yanayoongezeka kwa saa chache, pamoja na homa, shingo kukakamaa na kuchanganyikiwa. Ugonjwa huu huua upesi.

Kwa watoto, hutokea madoa yaliyoinuka kidogo kwenye miguu na makalio, siku chache baada ya mafua, yakiambatana na maumivu ya tumbo na magoti. Wengi hupona, lakini mkojo wao sharti upimwe, kwa sababu figo zaweza kuathirika kimyakimya.

Dawa nazo zaweza kuleta madoa. Mtu aliyeanza dawa mpya, hasa zenye salfa, akaona madoa pamoja na vidonda mdomoni, macho mekundu au ngozi kubambuka, aende hospitali bila kuchelewa na achukue pakiti ya dawa hiyo mkononi.

Mambo matatu ya kuepuka

Kwanza, mwenye homa na madoa asimeze aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni kabla ya kupimwa. Dawa hizo huongeza kutoka damu ikiwa ugonjwa ni dengue. Parasetamoli kwa kipimo sahihi na maji ya kunywa ya kutosha ndivyo vinavyofaa wakati wa kuelekea kituoni.

Pili, usipake krimu za mchanganyiko zinazouzwa bila ushauri. Nyingi zina dawa kali inayotuliza mwasho kwa siku chache, huku choa kikienea na ngozi ikikonda.

Tatu, usichanje wala kubandika majani juu ya madoa usiyoyajua. Mguu wenye kisukari au wenye mzunguko hafifu wa damu huoza kutokana na jeraha dogo.

Wapi pa kwenda

Kwa madoa ya kuwasha yasiyo na homa, anza katika zahanati ya kijiji au mtaa wako. Yasipopona kwa wiki mbili, omba rufaa. Kwa madoa yasiyofifia, au madoa yenye homa, nenda kituo chenye maabara. Kwa upande wa Kibaha, hospitali ya rufaa ya mkoa ipo Tumbi. Kwa upande wa Kisarawe, ipo hospitali ya wilaya. Mwenye hali ya dharura hangoji barua ya rufaa. Mweleze mganga mambo manne: madoa yalianza lini, umetumia dawa gani, ulisafiri wapi, na nani mwingine nyumbani anayo.

Kinga ianze uani

Mbu wa dengue huuma mchana na huzaliana katika maji yaliyotuama karibu na nyumba: vifuu vya nazi, makopo, matairi na ndoo zisizofunikwa. Kagua ua wako mara moja kila wiki na umwage maji hayo. Mjini Kibaha kipo kiwanda kinachotengeneza viuadudu vya kuua viluwiluwi, kilichojengwa kwa ushirikiano wa Tanzania na Cuba. Lakini dawa haiwezi kufika katika kila kifuu kilichotupwa nyuma ya jiko. Kazi hiyo ni yetu.

Maswali ya kujipima

1. Doa lisilofifia chini ya glasi linaonyesha nini?
2. Kwa nini upele hurudi katika nyumba ambayo mtoto mmoja tu alitibiwa?
3. Ni dawa zipi za maumivu asizopaswa kumeza mwenye homa na madoa?

Majibu yamo katika somo hili. Msomee pia asiyejua kusoma, kwani kinga ni bora kuliko tiba.