Umeshinda CMA? Kazi Ndiyo Kwanza Inaanza

Nilikuwa nakata minofu ya sangara kwenye kiwanda kimoja hapa Mwanza. Nikaachishwa kazi, nikapeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, nikashinda. Nilichojifunza baada ya hapo ni kwamba tuzo, yaani uamuzi wa CMA, haijilipi. Mwajiri asiyetaka kulipa hubishana mara chache. Hunyamaza tu, akijua utachoka na kurudi zako Ukerewe au Sengerema.

Kwa hiyo usichoke. Fanya hivi:

1. Andika tarehe uliyopokea tuzo. Kuanzia siku hiyo, asiyeridhika ana wiki 6 za kuomba mapitio Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Ukishindwa, muda huo ni wako. Ukishinda, mwajiri naye anao. Ila kufungua maombi peke yake hakusimamishi malipo, mpaka mahakama iamuru hivyo.

2. Kagua jina la mwajiri herufi kwa herufi. Getini kwetu paliandikwa jina moja, karatasi ya mshahara ina jingine. Jina la kwenye tuzo likitofautiana na lililosajiliwa kwa msajili wa kampuni, BRELA, dalali wa mahakama atakwama mlangoni. Kama ni kosa la uandishi, mwombe mwamuzi alisahihishe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamruhusu.

3. Dai kwa barua. Taja namba ya shauri, kiasi, akaunti yako na siku ya mwisho ya kulipa. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Akitaka kulipa kwa mafungu, muandikiane, na usisaini kwamba umelipwa yote kabla fungu la mwisho halijaingia.

4. Akikaa kimya, kazia. Tuzo hutekelezwa kama hukumu ya mahakama, kwa hiyo peleka maombi ya kukazia hukumu Mahakama Kuu. Hapo utatakiwa kuonyesha mali za kukamata, na wewe unazijua kuliko wakili yeyote: benki iliyokuwa ikitoa mishahara, namba za magari ya kubebea samaki, majenereta. Orodhesha mapema, maana gari huuzwa usiku mmoja.

5. Fuata vilivyo nje ya tuzo. Hati ya utumishi ni haki yako hata kama umeshindwa shauri. Pita NSSF uchapishiwe taarifa ya michango, uone kama miezi yote uliyokatwa imewasilishwa. Hapohapo uliza kuhusu fao la kukosa ajira. Aliyeacha kazi kwa hiari yake halimhusu, kwa hiyo nenda na barua yako ya kuachishwa.

Na kazi nyingine ikitokea katikati ya haya yote, iwe soko la Mwaloni kwenye dagaa au kiwanda cha jirani, ichukue. Fidia iliyokwisha kuamriwa haifutwi na ajira mpya, na ni rahisi kumsubiri mdaiwa mkaidi ukiwa umekula.