SOMO LA 14: BAISKELI KUUKUU YA FELEJI

Wilaya ya Gairo, katika Mkoa wa Morogoro, ipo kando ya barabara kuu iendayo Dodoma, karibu na milima ya Ukaguru. Wakulima wa huko hulima mahindi, maharage na vitunguu. Ingawa siku hizi pikipiki zimekuwa nyingi, baiskeli bado hubeba magunia ya mazao na madumu ya maji. Baiskeli moja yaweza kutumiwa na babu, kisha na baba, kisha na mjukuu. Hatimaye huegemezwa ukutani, ikashika vumbi na kutu, na watu wakasema, "Hii imekufa."

Je, ni kweli imekufa? Swali hili hujibiwa kwa kuchunguza, si kwa kukisia. Baiskeli iliyopona itabeba mzigo kwa miaka mingi. Baiskeli iliyopakwa rangi juu ya ufa yaweza kumvunjikia mwendeshaji mtelemkoni. Katika somo hili utajifunza jinsi ya kuitambua baiskeli kuukuu, kuipima na kuitengeneza.

A. Feleji ni nini?

Feleji ni chuma kilichochanganywa na kaboni kidogo. Kaboni hiyo hukifanya chuma kiwe kigumu zaidi. Fremu za baiskeli za zamani zilitengenezwa kwa mabomba ya feleji. Bomba lina uwazi ndani, kwa hiyo ni jepesi kuliko nondo ya unene uleule, na bado lina nguvu.

Chukua sumaku na uiguse fremu. Ikishika, fremu ni ya feleji. Isiposhika, huenda fremu ni ya alumini. Alumini haishiki kutu ya rangi ya kahawia kama chuma.

B. Kuitambua baiskeli

Kabla ya kushika spana, soma baiskeli kama unavyosoma kitabu. Tazama kwanza nembo iliyo mbele, chini ya usukani. Nembo ya Raleigh, baiskeli ya Kiingereza kutoka mji wa Nottingham, ina kichwa cha ndege aina ya korongo. Baiskeli za Phoenix zilitoka Shanghai, China. Baiskeli za Swala zilitengenezwa hapa hapa Tanzania, mjini Dar es Salaam.

Baiskeli hizo ni za kubebea mizigo. Nyingi zina magurudumu ya inchi 28, madigadi, keria, na breki zivutwazo kwa vyuma vyembamba badala ya waya. Uzito wake hukaribia kilo 20.

Zipo pia baiskeli za mashindano. Nchini Italia, Edoardo Bianchi alianza kutengeneza baiskeli mjini Milano mwaka 1885. Mwitalia Fausto Coppi alishinda mashindano makubwa ya kuizunguka Ufaransa mwaka 1949 na tena mwaka 1952, akiendesha baiskeli ya Bianchi. Baiskeli ya mashindano ya feleji ya zamani ina uzito wa kilo 10 hivi. Mabomba yake mengi ni mazito miishoni na membamba katikati. Miisho huunganishwa na mabomba mengine, na hapo ndipo nguvu nyingi hukutana. Katikati nguvu ni ndogo, kwa hiyo chuma kingi hakihitajiki.

Kwa nini ni lazima kujua baiskeli ilikotoka? Sababu kubwa ni hesi. Hesi ni mistari inayoizunguka skrubu au bolti. Hesi nyingi hulegea zikizungushwa kushoto, yaani kinyume cha mwendo wa mishale ya saa. Lakini pedali ya kushoto hulegea ikizungushwa kulia. Tena, tazama kikombe cha gololi kilichopo mahali ekseli ya pedali inapopita, upande wa mnyororo. Katika baiskeli ya Kiingereza kikombe hicho hulegea kikizungushwa kulia. Katika baiskeli ya Kiitalia hulegea kikizungushwa kushoto. Asiyeitambua baiskeli yake huikaza badala ya kuilegeza, na akizidisha nguvu huharibu hesi.

Vilevile, Raleigh nyingi za zamani zina hesi 26 katika kila inchi mahali hapo, ambapo baiskeli nyingine za Kiingereza zina hesi 24. Kikombe cha baiskeli moja hakitaingia vizuri katika nyingine, hata kama kwa macho vinafanana.

C. Kutu hutokeaje?

Fanya jaribio hili.

Vifaa: Chupa nne za kioo zilizo safi na kavu, vifuniko, misumari minne mipya isiyo na mafuta, maji ya mvua, chumvi, na mafuta ya kupikia.

Hatua:
1. Chupa ya kwanza: tia msumari mkavu, kisha funga kifuniko barabara.
2. Chupa ya pili: tia msumari na maji ya mvua yaliyochemshwa kwa muda mrefu, kisha yakaachwa yapoe kidogo katika chombo kilichofunikwa. Mimina mafuta juu yake, kisha funga. Mwombe mwalimu akusaidie kushughulikia maji ya moto.
3. Chupa ya tatu: tia msumari na maji ya mvua yanayofikia nusu ya msumari. Usifunge.
4. Chupa ya nne: fanya kama ya tatu, lakini kwanza koroga kijiko kidogo cha chumvi katika maji.
5. Tazama chupa zote kila siku kwa muda wa siku saba. Andika unayoyaona.

Msumari wa kwanza una hewa lakini hauna maji. Wa pili una maji, lakini kuchemsha kumeondoa hewa iliyokuwamo majini, na mafuta huzuia hewa nyingine isiingie. Misumari hiyo miwili haitashika kutu, au itashika kidogo sana. Msumari wa tatu una maji na hewa, nao utashika kutu. Wa nne utashika kutu upesi zaidi.

Kutokana na jaribio hili twajifunza kwamba kutu hutokea chuma kinapoungana na oksijeni ya hewa penye maji. Chumvi huharakisha jambo hilo. Maji ya baadhi ya visima vya Gairo yana chumvi. Dumu linalovuja juu ya keria hudondosha maji hayo kwenye rimu, spoku na fremu. Basi, baada ya kubeba maji, ni vema kuipangusa baiskeli kwa kitambaa kikavu.

Kutu si uchafu uliokaa juu ya chuma. Kutu ni chuma chenyewe kilichogeuka. Ukiikwangua, unaondoa kilichokwisha kugeuka, nacho hakirudi kuwa chuma. Tena kutu haishikamani vizuri. Hubanduka, na maji na hewa hupenya hadi kwenye chuma kilichobaki chini yake.

D. Je, itapona?

Safisha fremu kwa kitambaa chenye maji, uikaushe, kisha uichunguze hivi:
1. Tazama kila kiungo. Mstari mwembamba wa kutu unaotokeza katika rangi waweza kuwa ufa.
2. Penye kutu nyingi, kandamiza kwa ncha ya msumari. Chuma kikibonyea au kutoboka, kutu imekila.
3. Simama nyuma ya baiskeli. Je, magurudumu yote mawili yamo katika mstari mmoja?

Fremu yenye ufa au tundu isiendeshwe. Mpelekee fundi aamue. Lakini kutu ya juu tu haiui baiskeli.

E. Kuitengeneza

Fanya kazi hii pamoja na mtu mzima. Piga picha au chora kila sehemu kabla ya kuifungua. Hesabu gololi za kila upande. Gololi hupunguza msuguano kwa sababu huviringika badala ya kukwaruzana na chuma. Ioshe grisi ya zamani kwa mafuta ya taa, mbali kabisa na moto. Gololi iliyochimbika ibadilishwe. Kisha tia grisi mpya.

Kwangua kutu ya fremu kwa brashi ya waya, halafu kwa msasa. Usiikwangue nembo wala nambari iliyogongwa kwenye fremu, kwa maana hizo humtambulisha mtengenezaji na kumsaidia mwenye mali baiskeli ikiibiwa. Paka rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo, chuma kikiwa kikavu. Rangi huzuia maji na hewa visikifikie chuma. Tia mafuta kwenye mnyororo.

Hadhari: Usitie mafuta kwenye rimu wala kwenye raba za breki. Breki huhitaji msuguano. Zijaribu breki mahali tambarare, bila mzigo, kabla ya kwenda mtelemkoni.

Kumbuka: Tambua, pima, ndipo utengeneze. Rangi hulinda chuma kizima. Haiponyi chuma kilicholiwa.

ZOEZI
1. Taja vitu viwili vinavyohitajika ili chuma kishike kutu.
2. Kwa nini mafuta yalimiminwa juu ya maji katika chupa ya pili?
3. Kwa nini maji ya mvua yalitumika badala ya maji ya kisima?
4. Eleza mahali pamoja penye kuhitaji msuguano katika baiskeli, na pamoja pasipouhitaji.
5. Buni jaribio la kuonyesha kwamba grisi huzuia kutu.
6. Chunguza baiskeli moja nyumbani au kijijini, kwa ruhusa ya mwenyewe. Andika jina lake, ilikotengenezwa, na sehemu tatu zilizoshika kutu zaidi. Kwa nini zimeshika kutu hapo?