Kupasha Moto na Kuyeyusha Chakula kwa Maikrowevu

Wanunuzi wengi wa oveni za maikrowevu huuliza kwanza iwapo mawimbi yake yana madhara. Jibu ni fupi. Oveni isiyo na ubovu, ambayo mlango wake unafunga sawasawa, hukatiza mawimbi mara mlango unapofunguliwa, na chakula kilichotolewa humo hakibaki na mnururisho wowote. Hatari tunayotaka mtumiaji aizingatie ni nyingine, nayo huulizwa mara chache: chakula kilichopata moto pembeni na kubaki baridi katikati.

Mawimbi ya oveni hii hupenya chakula kwa kiasi cha sentimita 2 au 3 tu. Sehemu iliyo ndani zaidi hupata joto polepole kutoka tabaka za nje, kama ilivyo katika chungu cha kawaida. Isitoshe, mawimbi hayasambai sawasawa ndani ya oveni. Ndiyo sababu sahani huzungushwa. Bakteria wanaoleta maradhi hustawi kati ya nyuzi joto 5 na 60 za Selsiasi, na sehemu iliyobaki vuguvugu huwa ndani ya kiwango hicho hicho.

Kwa hiyo chakula kitandazwe katika chombo kipana badala ya kurundikwa. Vipande vikubwa vya nyama ndani ya pilau vikatwe vidogo. Wali na vyakula vingine vikavu vinyunyiziwe maji kidogo, kisha chombo kifunikwe na kuachiwa upenyo wa kutolea mvuke. Mvuke huo husaidia kueneza joto. Nusu ya muda ikipita, simamisha oveni, koroga au geuza chakula, ndipo uendelee. Muda ukiisha, kiache kitulie dakika 2 hivi kabla ya kukipakua, kwa kuwa joto huendelea kuelekea ndani. Kipimo kinachopendekezwa ni nyuzi 74 katikati ya chakula. Asiye na kipimajoto na achunguze kitovu chenyewe: mvuke utoke hapo, na mchuzi uwe umechemka kabisa. Sahani inayounguza vidole si ushahidi wa lolote.

Dakika zilizoandikwa kwenye pakiti hukadiriwa kwa oveni yenye nguvu fulani, kwa mfano wati 800. Oveni ya wati 600 itahitaji muda mrefu zaidi. Umeme unapokuwa hafifu, kama inavyotokea jioni katika mitaa mingi, oveni hiyo hiyo hupunguza nguvu hata kama saa yake inahesabu kama kawaida.

Wali unahitaji maelezo ya pekee, kwa sababu kiporo cha wali ni kifungua kinywa cha nyumba nyingi. Mchele hubeba mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus, na mbegu hizo hustahimili kuchemshwa. Wali ukiachwa sufuriani usiku kucha, hasa katika joto la pwani, mbegu huamka, bakteria huongezeka, na baadhi yao hutoa sumu inayoleta kutapika ndani ya saa chache baada ya kula. Sumu hiyo haiharibiwi na moto wa maikrowevu, wala wa jiko la mkaa. Wali wa namna hiyo hautengenezeki tena, hata ukitoa mvuke na kunukia vizuri. Tunashauri utupwe, ingawa tunatambua bei ya mchele. Njia ya kuunusuru ni ya jana yake: utandazwe upoe upesi, uingizwe kwenye jokofu kabla ya saa 2 kupita tangu ulipopikwa, uliwe kesho yake, na upashwe moto mara moja tu.

Kuyeyusha chakula kilichoganda kuna ugumu wake. Barafu hunyonya mawimbi kidogo sana ikilinganishwa na maji. Mara ukingo wa nyama unapoyeyuka, maji yake hunyonya nguvu karibu yote, na ukingo huanza kuiva ilhali katikati pangali jiwe. Kitufe cha kuyeyushia kipo kwa sababu hiyo: huwasha na kuzima mawimbi kwa vipindi ili joto lipate nafasi ya kuenea. Ondoa kwanza vifungashio, tenganisha vipande kadiri vinavyolegea, na geuza mara kwa mara. Nyama iliyoyeyushwa hivi ipikwe papo hapo, kwani sehemu zake zimekwisha kupata joto linalofaa bakteria. Isirudishwe kwenye friza ikiwa mbichi. Kuku mzima hatushauri ayeyushwe kwa oveni hii. Kumweka sehemu ya chini ya jokofu tangu jana yake ni salama zaidi, ndani ya bakuli la kukinga maji yake yasidondokee mboga.

Vyombo viwe vya kioo, vya udongo visivyo na urembo wa dhahabu, au vya plastiki vilivyoandikwa kuwa vinafaa. Kopo la siagi au la aiskrimu halikutengenezwa kwa kazi hii. Yai lenye ganda lisiingizwe, hupasuka.

Maziwa ya mtoto mchanga yasipashwe humo kamwe. Chupa huweza kuwa vuguvugu kwa nje huku maziwa ya ndani yakiwa na sehemu za kuunguza kinywa. Isimamishwe ndani ya bakuli la maji ya moto, itikiswe, na tone lijaribiwe juu ya kifundo cha mkono.