SOMO LA TISA: KABLA VYAMA VIWILI HAVIJAUNGANA

Hapa Bujonde mpunga ukishavunwa kazi haijaisha. Lazima apatikane mnunuzi. Mnunuzi wa Mbeya haleti lori kwa ajili ya magunia kumi. Kwa hiyo vyama vidogo vya wakulima hufikiria kuungana. Wazo hilo ni jema, lakini lina hesabu zake.

Tuchukue mfano. Chama cha kwanza kina wanachama 80. Kina akiba ya shilingi 3,000,000, na hakidaiwi. Hakina ghala. Chama cha pili kina wanachama 120. Kina ghala zuri la bati jipya, mahali palipoinuka, ambapo maji ya masika hayafiki. Watu wa chama cha kwanza wanaliona ghala hilo na kusema, "Tuungane kesho!"

Mzee mmoja anauliza, "Ghala tumeliona. Je, daftari la madeni tumeliona?"

Daftari linafunguliwa. Chama cha pili kinadaiwa shilingi 4,800,000 za mbolea.

Vyama vikiungana, mali inakuwa ya wote, na deni linakuwa la wote. Wanachama watakuwa 200. Gawanya 4,800,000 kwa 200. Unapata shilingi 24,000 kwa kila mwanachama, hata yule ambaye hakupata mfuko mmoja wa mbolea hiyo.

Je, waache kuungana? Si lazima. Ghala nalo lina thamani yake, na lipimwe. Pengine thamani hiyo inazidi deni. Lakini kuna njia nyingine, nami naiona bora kwa kuanzia: kushirikiana msimu mmoja bila kuungana. Chama cha kwanza kinalipa kodi ya ghala. Mpunga unauzwa pamoja. Kila chama kinabaki na daftari lake na deni lake. Makubaliano yaandikwe: nani anatunza ufunguo, nani anapima, na gunia likipotea nani analipa. Ugomvi mwingi huanzia kwenye ufunguo.

Uamuzi wa kuungana ni wa wanachama, katika mkutano mkuu wa kila chama. Wenyeviti wawili kukubaliana barazani hakutoshi. Wazee wanakumbuka mwaka 1976, Serikali ilipovunja vyama vikuu vya ushirika. Kazi zao zikapewa vijiji na mamlaka za mazao. Wakulima hawakupiga kura. Sheria ya mwaka 1982 ndiyo iliyorudisha vyama hivyo. Leo, kwa Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, chama kipya cha ushirika lazima kiandikishwe na Mrajis.

Maswali

1. Kwa nini mzee aliuliza habari za daftari?
2. Kama chama cha pili kingelipa kwanza shilingi 2,000,000, deni lingekuwa shilingi ngapi kwa kila mwanachama?
3. Andikeni pamoja makubaliano mafupi ya kutumia ghala moja kwa msimu mmoja.