Kabla Hujamtia Mtoto Majini

Siku hizi nikifungua simu sikosi video ya mtoto wa miezi mitatu anatumbukizwa kwenye bwawa la kuogelea, anaibuka, watu wanashangilia. Halafu zinafuata meseji zenu, wadogo zangu: “Dada, na wangu nimuanzishe lini?” Kumzoesha maji, hata mwezi huu, kitovu kikishapona vizuri. Wala si lazima amalize chanjo kwanza. Kumzamisha, hapana.

Mtoto mchanga akifunikwa na maji usoni, koo hujifunga lenyewe kwa muda mfupi. Ni maumbile, si ujuzi, na hali hiyo hufifia akifikisha miezi sita hivi. Anayekuambia mtoto wako kazaliwa anajua kuogelea anatafuta ada yako. Tena akizamishwa mara kwa mara humeza maji, na maji yakizidi katika kijitumbo kile, chumvi ya damu hushuka hadi akapata degedege. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kinasema mafunzo ya kuogelea yanaweza kusaidia kumkinga mtoto kuanzia mwaka mmoja. Chini ya hapo hakuna ushahidi kwamba darasa lolote linamwepusha na kuzama. Basi miezi hii ya mwanzo mwanafunzi ni wewe, na somo lenyewe ni kumshika.

Ingia naye pale unaposimama imara, maji yakufike kifuani. Mkono mmoja chini ya makalio, mwingine mgongoni, uso wake ukutazame. Mwimbie, mchotee maji kidogo mabegani. Mara ya kwanza dakika 10 zinatosha, na hata akishazoea msivuke nusu saa. Usingoje atetemeke ndipo ujue baridi imemwingia, maana mchanga hatetemeki kama sisi. Angalia midomo ikibadilika rangi, vidole vikipoa, au akilegea. Mtoe, mfunge kanga kavu, mnyonyeshe. Kwa mdogo wa miezi michache maji yawe vuguvugu, nyuzi 32 hivi, kwa hiyo bwawa la Arusha la mwezi wa saba si lake, hoteli iwe na nyota ngapi. Na aliyezaliwa njiti au mwenye tatizo la moyo au kifua, ulizeni kwanza kliniki.

Akiharisha, mbaki nyumbani. Pampasi za kuogelea huzuia kinyesi kisielee, lakini hazizuii vijidudu, na vingine haviuawi upesi na klorini. Tuwahurumie na watoto wa wenzetu.

Baharini nendeni kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni, siku ambayo maji yametulia. Mvalishe nguo nyepesi ya mikono mirefu na kofia, umkalishe kivulini. Nyie wa Mwanza, Musoma na Kisumu msininunie: Ziwa Victoria lina kichocho, na vimelea hupenya ngozi ya mtoto kama vinavyopenya ya mvuvi. Mabwawa na vijito vya Unguja na Pemba vivyo hivyo. Maji ya ziwa yakikaa kwenye chombo kilichofunikwa siku mbili, vimelea hivyo hufa; myatumie kumwogeshea hapo nyumbani.

Sasa yale maboya ya kujazwa upepo, ya mikononi na hasa yale ya shingoni. Kwangu mimi ni ya kupigia picha tu. Hupasuka, huchomoka, na ubaya wake mkubwa ni kwamba mama hupata amani akageukia simu. Mtoto akiwa majini, mkono wako uwe unamfikia bila kupiga hatua. Anayezama hapigi kelele, kwa hiyo masikio hayatakusaidia.

Je, wewe mwenyewe unajua kuogelea? Wengi wetu tumekulia pwani na hatujui, tuliambiwa bahari si ya mtoto wa kike. Kule Nungwi, mradi wa Panje umewafundisha wanawake na mabinti kuogelea wakiwa na mavazi yao ya stara, na baadhi yao wamekuwa walimu. Aliye karibu na mwalimu aanze yeye kabla ya mtoto. Pia fanya mafunzo ya huduma ya kwanza, ujue kumpulizia mtoto pumzi na kumbonyeza kifua. Ile desturi ya kumning'iniza miguu juu au kumkamua tumbo maji yatoke inapoteza dakika ambazo angekuwa anapewa hewa.

Nimeacha kubwa mwisho. Hatari ya maji kwa mtoto anayetambaa iko uwani kwako kuliko hotelini. Kichwa chake ni kizito ukilinganisha na mwili wake mdogo, akichungulia ndoo hutangulia nacho, na ndoo yenye maji haipinduki kumwachia. Sentimita tano za maji zinatosha. Dada wa kazi akifua na mlango ukagongwa, aende na mtoto mlangoni. Na leo kabla hujalala pita uwani: ndoo, beseni na diaba vimwagwe au vifunikwe kwa mfuniko unaobana, na kisima cha maji ya dawasa kifungwe kwa kufuli.